Kaduka ka Toad Lane, Rochdale

Jumamosi iliyopita hatimaye nimefika Rochdale. Huu mwaka wa nne niko Manchester na kila mara nasema nitaenda, wikiendi ijayo nitaenda, na wala si mbali, unapanda tramu pale stesheni ya Victoria inazunguka kupitia Oldham, kama saa nzima hivi na unashushwa katikati ya mji kabisa. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya huku, haikulowanishi kwa mpigo ila ukitembea dakika kumi shati limeshikana na mgongo. Nikapita Town Hall yao, jengo kubwa la mawe la miaka ya 1866 hadi 1871, watu wanalipiga picha na kweli linastahili, lakini mimi sikuja kwa ajili ya hilo. Nilikuja kuona duka, kile kiduka cha ushirika kilichofunguliwa na wafumaji na wenzao mwaka 1844.

Niwaambie kwa nini. Mtu aliyekulia Moshi neno Rochdale analisikia mapema sana. Baba alikuwa kwenye kamati ya chama chetu cha msingi cha kahawa, na kila akirudi semina kule chuo cha ushirika alikuja na makaratasi yamepigwa chapa, ukurasa wa kwanza kabisa umeandikwa "Misingi ya Rochdale", yaani kanuni za ushirika zilizotokana na kile kiduka, anayaweka kwenye droo ya kabati la vyombo pamoja na stakabadhi za kahawa. Tulikua tunaona hilo neno bila kujua ni mji au ni mtu. Baba hakuwahi kutoka nje ya Tanzania, alifariki 2011, na katika vitu alivyokuwa akitamani kuviona duniani hicho kilikuwa kimojawapo, sio London wala nini, kile kiduka. Alikuwa akisema "wale wafumaji wa Rochdale" kama anavyoongelea majirani.

Basi nimefika Toad Lane namba 31.

Ni kadogo jamani. Nilijua ni kadogo lakini sikujua ni kadogo hivyo. Jengo la matofali mekundu, chini na ghorofa mbili juu, mbele kuna barabara ya mawe ile ya zamani, pembeni yake baa, na mtaa wenyewe siku hizi umebaki kipande tu maana barabara kubwa na majengo mapya yamekula sehemu nyingine. Wenyeji wanasema jina Toad Lane halihusiani na chura, wanasema ni lafudhi ya watu wa Lancashire, "th'owd lane", yaani njia ya kale, watu wa ramani wakaandika walivyosikia. Mlango wa chini ndio duka lenyewe na limepangwa kama lilivyokuwa: ubao umelazwa juu ya mapipa ndio kaunta, mizani, magunia, basi. Duka la Mangi yeyote, mwenye kiduka cha mtaani, pale kwetu Majengo lina vitu vingi kuliko hapo.

Na hilo jengo halikujengwa liwe duka. Lilijengwa kama 1790 hivi, miaka mingi kabla Malkia Victoria hajazaliwa, likiwa bohari ya sufu, maana Rochdale ulikuwa mji wa flaneli, kile kitambaa cha sufu cha kujikinga na baridi. Mwaka 1844 wale jamaa walipolitaka hawakuweza hata kulipanga lote, walipanga chumba cha chini tu kwa pauni 10 kwa mwaka. Juu yao kulikuwa na kanisa dogo na shule. Yaani juu watu wanasali na watoto wanasoma, chini watu wanahangaika na unga. Hilo la kanisa na shule juu nililipenda sana sijui kwa nini, labda kwa sababu chama chetu nacho kilianzia kwenye chumba cha nyuma ya kanisa.

Sasa kuna jambo ambalo semina za baba hazikuwa zikilisema, au zililisema na sisi hatukusikia, na ndilo lililonifanya nikae kwenye benchi mle ndani nusu saa nzima. Hili duka la 1844 halikuwa la kwanza. Mtaa huohuo, Toad Lane, namba 15, kulikuwa na duka jingine la ushirika lililofunguliwa 1833, na baadhi ya watu waliokuwa kule ndio haohao waliokuja kuwamo kwenye hili. Likafa 1835. Miaka miwili. Na lilikufa kwa ugonjwa tunaoufahamu sote, walikopesha. Mwanachama anakuja hana hela, mtoto analia, utamnyima unga na ni mwenzako? Unaandika kwenye daftari. Kesho mwingine. Kiwanda kinafunga wiki mbili, mtaa mzima unaandikwa kwenye daftari, anayewauzia ninyi kwa jumla yeye hataki kusikia habari za daftari, na siku moja mnaamka rafu ziko tupu na daftari limejaa.

Mimi hili nimeliona kwa macho yangu. Kijijini kwetu kulikuwa na duka la ushirika, sitalitaja jina maana wengi waliohusika bado wapo na ni wazee wetu, nilikuwa darasa la pili linafunguliwa na darasa la tano linafungwa. Siku ya kufungua walichinja. Sukari, sabuni, mafuta ya taa, madaftari ya shule, kila kitu bei nafuu kuliko kwa Mangi wa barabarani. Na ukutani walibandika kile kibao cha kila duka, "Kukopa harusi kulipa matanga", kimeandikwa kwa rangi nyekundu vizuri kabisa, lakini chini ya kaunta daftari lilikuwepo na baba ndiye aliyekuwa akipewa lawama jioni, mama akimuuliza mbona fulani amechukua kilo tano na hajalipa mwezi wa pili huu. Baba anajibu msimu wa kahawa ukifika atalipa. Msimu ulifika, bei ya kahawa ilianguka, hakulipa mtu. Ile nyumba ya duka mpaka leo ipo, inafugiwa kuku.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba wale wa Rochdale mwaka 1844 waliandika sheria kwamba hapa hakuna kukopa wala kukopesha, taslimu tu, mimi sioni sheria ya kwenye karatasi. Naona watu waliolala njaa na aibu kwa miaka tisa kwa sababu ya duka lililo hatua chache kutoka hapo, kila siku wanapita mbele yake. Kuna namna fulani ya kumwambia jirani yako "hapana, lete hela kwanza" ambayo huwezi kuwa nayo mpaka uwe umeshafiwa na duka.

Na hao watu hawakuwa na hela, hilo lieleweke. Baadhi yao walikuwa wafumaji wa flaneli kwa mkono, na mashine zilikuwa zinawamaliza, wengine mafundi viatu, washona nguo, waranda mbao. Miaka ile ya 1840 huku kaskazini ya Uingereza wanaiita miaka ya njaa. Wafumaji walidai nyongeza ya mshahara, wakashindwa. Baada ya hapo wakawa wanakutana na kubishana wafanye nini. Kulikuwa na waliotaka kura kwa wafanyakazi wote, walioacha pombe na kutaka mji wote uache, na wafuasi wa mwanamageuzi Robert Owen waliotaka watu waanzishe vijiji vyao vya kuishi pamoja. Waliokubaliana mwisho wa siku walikubaliana kitu kimoja kidogo sana, tufungue duka. Ingawa ukisoma malengo yao waliyoandika unashangaa, maana duka ni kipengele cha kwanza tu, baada ya hapo wanataka kujenga nyumba za wanachama, kufungua viwanda wapate ajira, kununua mashamba, mpaka hoteli isiyouza pombe. Watu wasio na hela ya mkate wanaandika mambo hayo! Baba angecheka kwa furaha hapo, alikuwa hivyohivyo, kikao cha kununua ndoo za kuoshea kahawa lazima amalizie na mpango wa kujenga sekondari.

Chama kiliandikishwa tarehe 24 Oktoba 1844, jina lake kwa Kiingereza Rochdale Society of Equitable Pioneers, naweza kusema ni Chama cha Watangulizi wa Haki wa Rochdale. Wanahesabiwa watu 28, japo majina kamili ya hao 28 wanahistoria bado wanabishana. Hisa ilikuwa pauni 1 na walikuwa wakichanga peni 2 kwa wiki, baadaye wakapandisha ikawa peni 3. Piga hesabu wewe mwenyewe, enzi zile pauni 1 ni peni 240, kwa hiyo kwa peni 2 ni wiki 120, zaidi ya miaka miwili kumaliza hisa moja! Waliugawa mji mafungu matatu, kila fungu na mkusanyaji wake anayepita nyumba kwa nyumba. Hiyo ni vicoba kabisa, vile vikundi vyetu vya kuchanga na kukopeshana, tofauti ni baridi tu.

Wakafikisha pauni 28. Ukitoa kodi na mbao na mizani na rangi, kilichobaki cha kununulia bidhaa kilikuwa pauni 16, shilingi 11 na peni 11. (Shilingi ndiyo hiyohiyo iliyokuja mpaka kwetu, wao wakaiacha 1971 sisi tunayo mpaka leo.) Wakanunua siagi, sukari, unga wa ngano, gunia moja la unga wa oti, na mishumaa. Siagi ratili 28, sukari ratili 56, unga wa ngano ratili 672 ambao ni kama kilo 305. Ndiyo duka hilo. Vitu vya aina tano.

Siku ya kufungua ni Jumamosi tarehe 21 Desemba 1844, saa 2 usiku. Ukiwa umeishi huku unajua tarehe 21 Desemba maana yake nini, ndio usiku mrefu kuliko yote ya mwaka, saa 10 jioni giza limeshaingia. Inasimuliwa kwamba kampuni ya gesi ya mji ilikataa kuwawekea taa, wakawasha mishumaa, ile ile waliyokuja kuiuza. Nje wamejaa watoto wa viwandani, wale wanaobadilisha vijiti vinavyoviringishiwa nyuzi kwenye mashine, wamekuja kuzomea, na wafanyabiashara wa mjini nao wamesimama pembeni wanaangalia. Wenye duka wako ndani wamefunga madirisha ya mbao, kila mmoja anamwangalia mwenzake nani atoke akafungue. Mpaka mmoja akajikaza akaenda kuondoa zile mbao, na watoto wakaangua kicheko walipoona kilichomo ndani. Wakaliita duka la wafumaji wazee, na kwa lafudhi yao "th'owd weyvurs' shop". William Cooper ndiye aliyekuwa mtunza fedha na Samuel Ashworth muuzaji. Mwanzoni walikuwa wanafungua jioni mbili tu kwa wiki, Jumatatu na Jumamosi, maana mchana kila mtu yuko kazini.

Nilisimama pale mlangoni nikajaribu kusikia zile kelele. Unatazama nje kupitia dirishani ni kipande cha mtaa tu, hatua kama sita mpaka upande wa pili. Watoto walikuwa karibu hivyo.

Halafu ngoja niwaeleze kuhusu unga, kwa sababu hapa ndipo mizani inapoingia. Enzi hizo kuchakachua chakula ilikuwa kawaida Uingereza nzima. Unga unatiwa chaki au jasi, majani ya chai yaliyokwisha kutumika yanakaushwa na kupakwa rangi yanauzwa tena, maziwa maji, pilipili vumbi. Mfanyakazi anakula hayo kwa sababu ana deni kwa huyohuyo anayemuuzia, atamlalamikia vipi? Na kulikuwa na viwanda ambavyo tajiri ndiye mwenye duka, mshahara unaurudisha kwake kwa unga mbovu, mpaka Bunge lilitunga sheria ya kukataza 1831 lakini sheria na kiwandani ni vitu viwili. Wale wa Toad Lane wakasema unga safi, ratili kamili, hela taslimu. Sasa ona hayo matatu yanavyoshikana! Ukiwa huna deni na muuzaji unaweza kumwambia rudisha mizani upya. Ukikopa unakaa kimya. Nadhani hii ndiyo sababu halisi ya taslimu, sio hesabu tu, ni mdomo. Na watu walikuwa wameshazoea unga mbaya kiasi kwamba ule safi mwanzoni wengine waliona una ladha na rangi ngeni.

Sasa gawio. Hili nalieleza taratibu maana watu wengi wa SACCOS zetu, vyama vya akiba na mikopo, wanadhani gawio ni la hisa tu. Duka la Toad Lane liliuza kwa bei ya kawaida ya mjini, halikushusha bei. Kila ukinunua, jina lako linaandikwa na kiasi ulichonunua. Robo mwaka ikiisha, faida inapigwa hesabu, mwenye hisa anapata riba yake ndogo isiyozidi asilimia 5, halafu kinachobaki kinarudi kwa wanunuzi kulingana na walivyonunua. Tuseme umenunua vitu vya pauni 10 na gawio ni shilingi 2 kwa kila pauni, unapata shilingi 20, ambayo ni pauni 1 nzima, na hujaweka akiba hata peni moja, umekula tu. Wakaita kwamba unajiwekea akiba kwa kula. Anayetajwa kuleta utaratibu huu ni Charles Howarth, mtu wa viwandani, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya sheria zao. Na kura ni moja kwa kila mwanachama, uwe na hisa 1 uwe na 50.

Na mwanamke alikuwa mwanachama kamili kwa jina lake. Eliza Brierley alijiunga 1846. Kwa sheria ya Uingereza wakati ule mke akiolewa mali yake inakuwa ya mume, ilibidi zifike sheria za 1870 na 1882 ndipo mambo yabadilike, lakini kwenye daftari la Toad Lane hela ya mwanamke ilikuwa yake na gawio lake alipewa yeye mkononi. Nilimpigia mama video nikamsomea hicho kipande nikitafsiri. Akanyamaza kidogo halafu akasema "sisi huku kahawa ilikuwa kwa jina la baba yako." Ni kweli. Alichuma, aliosha, alianika, alibeba kichwani mpaka ghalani, na stakabadhi iliandikwa jina la baba. Sikuwa na la kumjibu.

Mwaka wa kwanza ulipoisha, mwisho wa 1845, walikuwa wanachama 74, mtaji pauni 181, mauzo ya mwaka pauni 710 na faida pauni 22. Wameshaongeza chai na tumbaku. Si kitu cha kutisha lakini duka liko wazi. Halafu 1849 benki ya akiba ya Rochdale ilianguka, mkuu wake alikuwa akila hela za watu, na waliobaki na vijisenti wakaanza kuangalia lile duka la wafumaji kwa jicho jingine, kwa sababu pale vitabu vilikuwa vinasomwa hadharani kila robo mwaka. Kufikia 1850 wanachama ni kama 600. Mwaka 1860 ni 3,450 na biashara ya pauni 152,000 kwa mwaka. Kutoka pauni 16 na ushee!

Jengo nalo likaanza kujaa. Mwaka huohuo wa 1849 wakalichukua lote, juu mpaka chini, na ghorofani wakaweka chumba cha magazeti na maktaba. Baadaye wakakubaliana asilimia 2.5 ya faida iende kwenye elimu kila mwaka, vitabu, masomo ya jioni, darubini za kukodisha kwa wanachama. Nilipanda ngazi mpaka huko juu. Mbao za sakafu zinalia kila ukikanyaga. Nafikiri hapa juu ndipo mtu aliyekesha kwenye kitanda cha kufumia tangu utoto wake alifungua gazeti kwa mara ya kwanza na hakuna aliyemwambia nunua au toka. Chini unga, juu gazeti, na vyote vinalipwa na watu walewale.

Mwaka 1867 wakahama, wakajenga duka kuu jipya kubwa mtaa huohuo wa Toad Lane. Hapo ndipo inapoanza ile staili ya maduka ya ushirika ya enzi ya Victoria ambayo ukizunguka miji ya kaskazini huku unayaona kila mahali, Lancashire na Yorkshire, mara nyingi ndiyo majengo ya fahari kuliko yote kwenye mtaa wa wafanyakazi: duka chini, ghorofani ukumbi wa mikutano na dansi, maktaba, na juu kabisa kwenye jiwe wamechonga mwaka na mzinga wa nyuki. Ule mzinga ndio alama yao. Siku hizi mengi ni fleti, mengine maduka ya mazulia au klabu, lakini ukiinua macho mzinga bado upo. Mimi sasa nimekuwa na tabia ya kutembea nikiangalia juu, wiki iliyopita nimeuona mwingine juu ya duka la vitanda, nyuki wamechongwa wanazunguka, na chini foleni ya watu wanasubiri basi.

Lile jengo la namba 31 lenyewe baada ya 1867 likasahaulika. Lilipangishwa kwa huyu na yule, kuna wakati lilikuwa linauza ndege na wanyama wa kufugwa nyumbani. Wanaushirika wakalinunua 1925 na 1931 likafunguliwa kuwa makumbusho. Sasa mimi hiyo 1925 ilinishtua kwa sababu yangu mwenyewe. Mwaka huohuo wa 1925, Kilimanjaro, wakulima wa kahawa wa Kichagga walianzisha chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, akina Joseph Merinyo, ili na wao wauze kahawa yao bila kudharauliwa na walowezi. Tanganyika ikapata sheria ya vyama vya ushirika 1932, na 1933 KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ikaandikishwa. Hivyo wakati huku wanafuta mavi ya ndege kwenye ukuta wa Toad Lane, kule kwetu babu zetu walikuwa wanapima kahawa kwa mizani yao wenyewe. Ule ushirika wetu umepita mengi, 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika, 1982 ikavirudisha kwa sheria, vingine vikarudi mgonjwa na havijapona mpaka leo, lakini chuo kipo pale Moshi tangu 1963 na sasa ni chuo kikuu, na misingi ile wanafundisha, hiari, kura moja, gawio, elimu. Ukiingia AMCOS yoyote, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ukaomba katiba yao utaikuta.

Nilichokosa kwenye katiba zetu ni lile la taslimu. Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Ushirika lilipoorodhesha misingi ya Rochdale 1937 taslimu ilikuwamo, walipopitia upya 1966 wakaitoa, na nyakati zimebadilika naelewa, leo kukopeshana ndiyo kazi yenyewe ya SACCOS. Lakini kukopesha kwa dhamana na ratiba si sawa na daftari la chini ya kaunta, na mimi naamini kama lile duka letu kijijini lingekuwa na wazee wawili waliowahi kuliona duka la kwanza likifa, lingekuwa wazi leo.

Kuna picha moja mle ndani ya 1865, wazee 13 kati ya waanzilishi, wamekaa wamevaa makoti meusi, nyuso ngumu. Hakuna anayetabasamu, enzi hizo hakuna aliyetabasamu kwenye picha. Nilitafuta mikono yao. Mkono wa mfumaji unaujua.

Nilipokuwa nataka kutoka akaingia bibi mmoja na mjukuu wake, mwenyeji kabisa, lafudhi nzito nilikuwa nasikia nusu nusu. Anamweleza mtoto kuhusu "divi", ndivyo wanavyoliita gawio huku, jinsi alivyokuwa akitumwa dukani na mama yake miaka hiyo na kabla hujapewa vitu lazima utaje namba ya mwanachama, ukikosea gawio linaenda kwa mtu mwingine na ukirudi nyumbani utakiona. Mtoto akamuuliza unaikumbuka? Yule bibi akaitaja palepale, tarakimu tano, bila kuvuta pumzi. Nikatabasamu naye akatabasamu, akaniambia nimesahau namba yangu ya simu lakini ile siisahau.

Kwenye tramu ya kurudi nikampigia tena mama. Nikamuuliza, mama, namba ya baba ya chama ilikuwa ngapi? Akasema mia tatu na kumi na saba, unaitakia nini?